Wimbo wa Baba na Simu ya Vitufe

Watu wakianza kubishana kuhusu simu, mimi huwa naondoka. Pale Somanda, mjini Bariadi, kwenye kijiwe cha bodaboda, ubishi huo hauishi. Mmoja ana aifoni aliyoinunua kwa mtu, kioo kimepasuka pembeni, na anawaambia wenzake kwamba Android ni simu za kuchungia ng'ombe. Mwingine anamjibu kwamba aifoni yake haiwezi hata kupokea wimbo kwa bluetooth, inabidi aombe. Wanacheka, wanatukanana, abiria akitokea wanaacha. Hasira inanipanda, na kwa kuwa sina mdomo wa kubishana mbele ya watu wengi, nachukua baiskeli yangu naenda zangu. Hakuna hata mmoja wao anayeuliza zile simu nyingine zilikwenda wapi, ambazo hazikuwa Android wala aifoni. Mimi nilikuwa na moja ya hizo, na ndani yake kulikuwa na wimbo wa baba yangu.

Simu yenyewe ilikuwa ya baba. Nyeusi, nzito, yenye vitufe vya namba, na kitufe cha tano kilikuwa kimefutika kabisa kwa kidole chake. Aliinunua mwaka ambao pamba ilikubali. Baba alipofariki, mama alinipa mimi, kwa sababu kaka zangu walikuwa wameshapata za kioo na hawakuitaka. Siku hizo sikujua kwamba simu ina mfumo ndani yake na kwamba mfumo una jina. Kwangu ilikuwa simu tu. Inapiga, inapokea, ina tochi, ina sehemu ya kuandika kumbukumbu.

Ile sehemu ya kuandika ndiyo ilinifaa. Kijijini kwetu, upande wa Dutwa, tuna kundi la ngoma la wacheza na majembe. Wakati wa kilimo tunakwenda kulima shamba la mtu kwa mstari, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Baada ya mavuno tunakwenda kushindana. Sisi ni Bagika. Wenzetu wa Kasoli ni Bagalu. Kwa asiyejua: hizo ni pande mbili za ngoma za Wasukuma, kila upande una dawa yake na waganga wake tangu enzi za mababu, na ushindani wake unafanyika hivi: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakovutiwa. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo nyimbo ni kila kitu. Nyimbo za kuwakejeli wapinzani ndizo zinazovuta watu kuliko zote.

Kiongozi wa kuimba tunamwita manju. Manju wetu ana kifua na ana sauti inayofika barabarani. Mimi sina. Nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka. Lakini maneno ninayo, na tangu nikiwa darasa la sita nilikuwa namtungia. Nilikuwa nakwenda kwake jioni kabla ya chakula, tunakaa nyuma ya zizi, namsomea kwa sauti ya chini naye anashika. Watu wengi walidhani anatunga mwenyewe. Sikujali.

Nilitunga kwenye simu ya baba. Kwenye daftari ningeandika, ila nyumbani kwetu daftari halikai, wadogo wanachana kuwashia moto, na asiyechana anasoma. Simu haikuguswa na mtu. Halafu naandika polepole tangu shuleni, mwalimu alikuwa anafuta ubao nikiwa bado mstari wa pili. Vile vitufe vilikuwa na mwendo wangu. Ukitaka herufi s unabonyeza mara nne. Nikifika mara ya nne nimeshajua kama neno lenyewe nalitaka au silitaka. Nilikuwa na nyimbo zaidi ya thelathini mle ndani, zote kwa Kisukuma. Hapa naweka maana yake tu kwa Kiswahili.

Na mmoja ulikuwa wa baba. Baba alikuwa mpiga ngoma wa kundi. Alifariki masika, wakati wa palizi, na kundi halikuwa na nafasi ya kumwimbia. Huo wimbo niliuanza wiki ile ya msiba na nikakaa nao miaka mitatu. Naongeza mstari, nafuta, naacha miezi miwili, narudi. Sikumsomea mtu yeyote, hata manju. Nilimwambia tu kwamba upo, na kwamba umebaki kidogo. Naye aliniahidi kwamba msimu huu, kwenye mashindano ya Dutwa, ngoma zote zitanyamaza na wimbo wa baba utaimbwa kwa mlio wa majembe peke yake, mbele ya Bagalu na mbele ya watu wote. Mama alishaambiwa. Alishashona na kitenge cha siku hiyo.

Kisha simu ikaanza kukataa mambo. Kundi letu lilikuwa linapashana habari kwa ile programu ya kutumiana ujumbe ambayo kila mtu anayo. Siku moja programu ikaniandikia kwa Kiingereza, na jirani aliyesoma akanisomea kwamba simu za aina yangu hazitahudumiwa tena kuanzia tarehe fulani. Nikadhani ni tangazo tu. Tarehe ilipofika ikafunga kweli. Nikakosa mazoezi mawili, kwa sababu walibadilisha siku na kuandika kule.

Manju alinikuta kisimani akaniambia, "Wewe, kundi zima linakusubiri uwanjani, wewe uko wapi?"

"Sikupata habari."

"Habari iliandikwa."

"Simu imefunga."

"Basi ifungue. Tafuta Android kama watu. Tutakupelekea habari kwa njiwa?"

Wasichana waliokuwa wanateka maji walicheka. Kesho yake nikaenda Bariadi mjini.

Fundi niliyemwendea ana meza yake kwenye kibaraza cha duka, kioo juu ya meza, simu zilizofunguliwa zimepangwa chini ya kioo. Aliigeuza simu ya baba kama mtu anayetazama jino la ng'ombe.

"Dogo, hizi bado zipo?"

"Ya baba."

"Haina tabu. Hii ndani ina Symbian. Naitoa, naiwekea Android. Nusu saa tu."

"Itabaki hiihii?"

"Hiihii. Ila itakuwa imeamka."

Sasa nieleze nilivyoelewa, kwa sababu watu wa mjini wakisikia wananicheka. Kwetu mtu anaweza kuhama kutoka Bagika kwenda Bagalu. Inatokea. Akihama, mganga wa huko anamtoa dawa ya zamani na kumchanja ya kwao, na kuanzia siku hiyo ni mtu wao. Lakini ni yuleyule. Jina lake analo, mke wake anaye, na nyimbo zote alizokuwa anazijua anazo kichwani. Ndiyo maana anayehama anachukiwa, anaondoka na nyimbo zetu. Basi fundi aliposema anaitoa hii na kuweka ile, nilimwelewa hivyo. Dawa inabadilishwa, mtu anabaki na kichwa chake. Haikuniingia kabisa kwamba kubadilisha upande ni kufutwa kichwa. Na nilimsimulia manju baadaye, mtu mzima mwenye wajukuu, akasema hata yeye angeelewa hivyohivyo.

Fundi aliniuliza swali moja tu. "Namba za watu ziko wapi?"

"Kwenye laini."

"Basi umemaliza."

Hapo ndipo ningesema. Kulikuwa na kina mama wawili wanasubiri simu zao, na kijana mmoja amekaa juu ya pikipiki anasikiliza. Nikaona aibu kusema kwamba mle ndani kuna nyimbo. Wangeniuliza nyimbo gani, wangeniambia niimbe. Nikanyamaza. Yeye akatoa laini, akashika vitufe vitatu kwa pamoja akawasha, na nafasi ya kusema ikawa imeshapita.

Simu iliporudi iliniuliza tarehe na saa, kama kitu kilichozaliwa asubuhi ile. Ikaniuliza niko mji gani. Niliteremka kwenye orodha yake yote na Bariadi haikuwemo. Nikafungua kumbukumbu. Hapakuwa na kitu. Kadi ya memori ilikuwa na picha za baba mbili, nyimbo zilikuwa kwenye simu yenyewe.

"Imegoma kuingia Android," fundi akasema. "Nimeisafisha tu. Hizi zilishakufa, dogo, hata waliozitengeneza walishazizika. Tafuta nyingine." Halafu akaniangalia vizuri. "Kwani kulikuwa na kitu humu?"

Nikasema hapana.

Mpaka leo najilaumu kwa hilo hapana. Lakini najiuliza pia kwa nini anayeuliza aulize baada ya kufuta. Sijui kama alikuwa ananidanganya au naye aliamini kwamba inawezekana. Nilipita pale mara nyingi baadaye, na kila mara alikuwa anamwambia mtu mwingine, "Nusu saa tu."

Mama aliponipatia simu nyingine, ya kioo, yenye Android, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta huyu Symbian ni nani na nani alimuua. Nilisoma kwa Kiingereza kilichotafsiriwa na simu yenyewe, kwa hiyo nikikosea mahali, simu ndiyo imenikosesha. Nilisoma kidogo kidogo, jioni hii na jioni ile, na kila nilipoendelea hasira ilizidi.

Kumbe mfumo ule ulizaliwa Uingereza, kutoka kwenye kompyuta ndogo za mfukoni, na kampuni kubwa za simu zikaungana kuumiliki pamoja. Kwa miaka mingi ndio uliokuwa mbele dunia nzima. Simu nyingi zilizoitwa janja zilikuwa zake. Kisha ikaja aifoni, kioo kitupu, haina vitufe, na wenye vitufe waliicheka. Wakasema nani ataandika kwenye kioo. Android nayo ilikuwa inapikwa kipindi hicho. Mwanzoni kabisa waliifikiria kwa ajili ya kamera za kupigia picha, baadaye wakaigeuza kuwa ya simu, na simu ya kwanza waliyokuwa wanaiandaa ilikuwa na vitufe kama yangu. Walipoiona aifoni wakarudi mezani kuanza upya. Walipomaliza wakaitoa bure kwa kila anayetaka kutengeneza simu, ndiyo maana ikajaa kila mahali mpaka kwenye vibaraza vya Bariadi. Na ile kampuni iliyotengeneza simu ya baba ikaona inaachwa, ikatupa Symbian, ikajiunga na mfumo mwingine wa tatu ulioitwa Windows. Nao haukupita miaka mingi ukafa.

Basi. Ndiyo hadithi yenyewe. Watu wanaisimulia kama mechi, nani alifunga, nani alifungwa. Niliitafuta sehemu inayosema kwamba kabla ya kuondoka waliwaita wenye simu wakawaambia: toeni vitu vyenu, tunafunga. Labda walisema, kwa Kiingereza, mahali ambapo baba asingefika. Kuna kijana wa kijiwe nilimwambia kidogo tu juu ya jambo hili, akaniambia, "Si ungehifadhi mtandaoni?" Mtandao gani? Mimi mwaka huo nilikuwa nachaji simu kwa jirani mwenye sola. Anayekuuzia kitu chenye mlango wa kuingizia mambo yako, halafu mlango wa kutolea anauficha ndani ya kitabu cha lugha ya watu, naye asihesabiwe kosa. Kosa liwe langu, kwamba sikuhifadhi.

Na waache kuniambia kwamba ushindani ndivyo ulivyo. Mimi nimezaliwa ndani ya ushindani. Bagika na Bagalu wameshindana kabla babu wa baba hajazaliwa. Tumetukanana, tumerogana, tumeibiana wachezaji. Lakini sijawahi kusikia kwamba upande mmoja ulishindwa Dutwa, na Jumatatu yake nyimbo zake zote zikawa zimetoka vichwani mwa watu. Aliyeshindwa anarudi nyumbani na nyimbo zake, anazitengeneza, mwaka unaofuata anakuja tena. Ushindani wa hawa wakubwa wa simu ni wa watoto. Mmoja akikasirika anabeba mpira anaondoka, na nguo zako ulizoziweka karibu na goli anabeba nazo.

Zilibaki wiki tatu kufika mashindano. Nikaenda kwa manju kumwambia. Nilitumia muda mrefu kuzunguka zizi lake kabla ya kuingia. Nilimweleza kwamba nyimbo zote zimefutika.

"Na wa baba yako?"

"Nao."

"Nyimbo za kundi zima unaziweka kwenye kasimu kale?"

"Nilikuwa nakuletea."

"Uliniletea, nikaimba, nikatema. Kichwa changu si ghala. Mwaka ukiisha natoa, nasubiri zako."

Aliita wachezaji. Walikaa uani kwake, kila mmoja akatoa alichonacho. Walikuwa na viitikio. Mchezaji anajua kiitikio na hatua zake, maneno ya katikati anamwachia manju. Tulipata viitikio ishirini na kitu bila nyimbo zake, kama vifuniko visivyo na vyungu. Mimi mwenyewe nilikumbuka vipande, lakini vilichanganyika, mstari wa mwaka juzi unaingia kwenye wimbo wa mwaka jana. Kwa wa baba nilikumbuka mistari miwili ya mwanzo. Miaka mitatu nimefuta na kuandika, nimefuta na kuandika, mpaka sikujua tena ulibaki upi. Nilikuwa nimeuamini ule ubao mdogo wa simu kuliko kichwa changu.

Mchezaji mmoja, mwanamke anayeongoza mstari wa kina mama, ndiye aliyesema. "Waulizeni Kasoli. Tuliwaimba wao. Mimi wakiniimba sisahau mpaka kaburini."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Manju alinitazama mimi.

"Hapana," nikasema.

"Nani mwingine anajua ulichoandika? Utaenda. Usile kwao, usinywe maji, usikae kwenye kigoda chao. Sikiliza, andika, rudi."

Nilikwenda asubuhi kwa baiskeli. Pamba ilikuwa imeshatolewa mashambani, miti imebaki mitupu, na malori yalikuwa yananipita na kunijaza vumbi. Nilikuwa na daftari jipya chini ya shati. Njia nzima nilikuwa na hasira. Nilikuwa nakwenda kuomba mali yangu kwa watu niliokaa miaka yote nawatukana, kwa sababu watu wa mbali nisiowajua walikosana kuhusu vioo.

Manju wa Bagalu wa Kasoli ni fundi cherehani. Ana mashine yake sokoni, kwenye kibaraza. Nilimkuta anashona sare ya shule na mama mmoja anasubiri.

"Mwangaluka," nikasema, nikimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu kwamba ni salama tu.

Hakuacha kukanyaga mashine. "Wewe si wa Dutwa wewe? Mtoto wa mpiga ngoma."

"Ndiyo, baba."

"Umetumwa kuiba dawa au umekuja kupimwa suruali?"

Yule mama akacheka. "Mwache aseme, kijana wa watu anatetemeka."

Nilisema. Sijui nilisemaje, ila nilisema yote, simu, fundi, vitufe vitatu. Nilimwambia pia kwamba zile nyimbo nilitunga mimi. Mashine ikasimama.

"Wewe ndiye uliyesema kwamba napima suruali za watu halafu nacheza nimevaa iliyochanika?"

"Ndiyo."

"Goti la kushoto?"

"Ndiyo."

"Lilikuwa la kulia," akasema. "Miaka miwili natembea na uongo huo. Mayu, si lilikuwa la kulia?" akamuuliza yule mama.

"La kulia," yule mama akasema. "Mimi nilikuwepo."

"Kaa chini."

"Nitasimama."

"Wamekukataza kigoda. Basi simama, miguu ni yako." Akaanza kukanyaga mashine tena, na kwa mlio wa mashine hiyo akaimba wimbo wangu wa suruali, wote, kuanzia juu hadi chini, maneno ambayo wachezaji wetu wenyewe hawakuwa nayo hata moja. Watu wa sokoni walisogea. Alipofika kwenye goti aliimba la kulia, akanitazama, akaendelea.

Nilijua haikuwa hisani. Alikuwa anawaonyesha watu wake kwamba Dutwa wamekuja kuomba. Alinifanya nisimame juani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, anaimba mmoja, anashona pindo, anaimba mwingine. Walioitwa na kelele walikuja kusaidia: mwenye duka la pembejeo alikuwa na wimbo wa mke wake aliyekimbilia kwetu, kijana mmoja wa kubeba magunia alikuwa na ule wa kundi lao kuchelewa kwa sababu ya pombe. Kila aliyetukanwa alikuwa na wake, umekaa ndani yake mzima. Niliandika. Nilikuwa naandika polepole, naye alikuwa anasubiri nimalize mstari ndipo aendelee, na kila alipokuwa anasubiri alikuwa anasema, "Herufi zinakuja kwa miguu kutoka Mwanza," na watu wanacheka. Mahali pengine nilijua kwamba wamebadilisha neno ili kejeli iwe nyepesi. Nililirudisha kimoyomoyo, nikaandika langu. Nyimbo zilifika kumi na moja.

"Zimeisha," akasema. "Nyingine mliwaimba wengine. Waendee na wao."

"Kuna mmoja," nikasema. "Haukuwa wa kuwakejeli. Ni wa baba. Haujaimbwa popote."

"Kama haujaimbwa mimi nitautoa wapi?"

"Najua."

Nilikuwa nafunga daftari. Yule mama wa sare alikuwa ameshapewa sare yake na hakuwa ameondoka. Akauliza, "Hata mwanzo wake huna?"

"Ninao mistari miwili."

"Iseme," fundi akasema. "Baba yako nilicheza naye uwanja mmoja. Alikuwa anatuharibia hatua zetu kwa ngoma yake, makusudi. Nataka nisikie umemwambia nini."

Kuimba sikuweza. Nilisema tu, nikitazama chini kwenye gurudumu la mashine. Mstari wa kwanza unasema kwamba jembe lake limeegemea ukuta wa mashariki. Wa pili unasema kwamba jua likichomoza linaliona kabla halijatuona sisi. Nilipomaliza mdomo ulikuwa mkavu kama siku ya mtihani.

Yule fundi cherehani akakanyaga mashine bila nguo yoyote chini ya sindano, akaimba. Sauti yake ni nzuri, lazima niseme. Akaimba kwamba jembe lake ameliweka begani, akaimba kwamba jua likichomoza linamfuata nyuma.

"Siyo begani," nikasema.

"Begani ni pazuri zaidi. Mpiga ngoma anaondoka na jembe begani, watu wanamwona."

"Hakuondoka nalo."

"Wimbo unataka mtu anayetembea, kijana. Ukuta hautembei."

"Hakutembea," nikasema, na nikasikia sauti yangu imefika barabarani, mtu wa kubeba magunia akageuka. "Alilala miezi miwili hawezi kusimama. Jembe liko ukutani kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Mama anafagia kulizunguka. Mimi nimetaka kulitoa, amenikataza."

Hapo nikanyamaza, kwa sababu huo ulikuwa mstari wa tatu. Ufagio wa mama unalizunguka jembe na kuacha vumbi miguuni pake. Nilikuwa nimeuandika mwaka wa kwanza na sikuufuta hata mara moja. Nilifungua daftari juu ya meza yake ya kukatia nguo, nikaandika kabla haujaniponyoka, na hakuna aliyesema kitu kuhusu mwendo wa herufi zangu.

Alipoona nimemaliza akaimba mitatu. Kwenye wa kwanza akaweka ukuta. Kwenye wa tatu akaimba kwamba ufagio wa mama unapita juu ya vumbi. Sijui kama alikosea au alifanya makusudi, na yule mama anayesubiri bure alikuwa anaminya midomo asicheke.

"Hapana," nikasema. "Anaacha vumbi. Hapiti juu. Anaogopa kufuta alama za miguu ya baba."

Na wa nne ukawa huo, umetoka wakati namsahihisha.

Soko lilikuwa linaanza kufungwa. Mistari ilikuwa bado mingi na sikujua ni mingapi itarudi, na hasira yangu kwa wale wa mbali ilikuwa palepale, haikupungua hata kidogo. Lakini nilikuwa nimevuta kigoda cha Bagalu na kukikalia bila kufikiri. Nikamwambia fundi arudie kuanzia mwanzo, na safari hii asiguse neno hata moja.